"Nimezoea" Si Habari Njema: Historia ya Kengele ya Sukari Mwilini

Saa nane usiku. Niko mezani nahariri video, masikio yameziba na muziki, lakini nikasikia kitu kimeanguka jikoni. Kufika huko napata mamangu amesimama mbele ya kabati, sufuria iko chini, yeye anaangalia ukuta. Nikamwita, "Mum?" Akanijibu kitu kuhusu matatu ya kwenda shagz, ati imechelewa. Matatu gani saa nane usiku?

Kama hujawahi kuishi na mtu wa kisukari ungesema amelewa. Ama ungeanza zile hadithi za mapepo. Mi nilikimbilia mashine ya kupima sukari, nikamtoboa kidole, namba ikatokea: 2.1. Bado alikuwa anaweza kumeza, kwa hivyo nikakoroga vijiko vitatu vya sukari kwa maji, nikamshikia kikombe akanywa polepole. Baada ya robo saa akaniangalia kama mtu aliyeshuka basi ya usiku, akaniuliza mbona nalia.

Sasa, kitu kilichoninyima usingizi si ile namba. Ni kwamba hakuwa na jasho. Mikono yake haikuwa inatetemeka. Asubuhi tukiwa kwa chai nikamwuliza kama hakusikia chochote kabla ya kuamka. Akacheka. "Baba, usijali. Zamani ningetetemeka na kutoa jasho hadi leso inalowa. Siku hizi sisikii kitu. Nimezoea."

Alisema hivyo kama mtu anayesifu nguvu zake, na mimi pia nilitaka kuamini. Mamangu ana kisukari aina ya kwanza na amejidunga insulini tangu kabla sijazaliwa. Mimi nina miaka 22. Kama kuna mtu amezoea huu ugonjwa, ni yeye.

Lakini kuna kitu kilikataa kunitoka kichwani. Niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilikataa kabisa, kwa hivyo mi si daktari na sitajifanya. Kusoma ndio sikuacha. Nikaanza kufuatilia hiyo "nimezoea" ilitoka wapi, na nikapata ina historia ndefu. Wacha niwape vile niliielewa, kwa sababu najua kuna mtu hapa ana mzazi, ndugu ama mpenzi anayesema hilo neno.

Ghala iliyo ndani ya ini

Tuanze Paris, katikati ya karne ya 19. Watu wengi wakati huo waliamini sukari iliyo mwilini inatoka kwa chakula tu. Mwanasayansi mmoja Mfaransa, Claude Bernard, akalisha mbwa nyama peke yake, halafu akapima damu inayotoka kwa ini. Akapata sukari. Yaani ini lilikuwa linatoa sukari ambayo mbwa hakula. Mwaka wa 1857 akaweza kutenga kile kitu ambacho ini huweka akiba: glikojeni.

Hapo ndipo hadithi yote inaanzia. Ukikaa njaa tangu jioni hadi asubuhi huzimii, kwa sababu ini lako lina ghala na kuna mtu wa kufungua hiyo ghala. Swali likawa: ni nani anashika funguo?

Jibu lilikuwa karibu na tumbo. Mwaka wa 1869, huko Berlin, mwanafunzi wa miaka 21 anaitwa Paul Langerhans aliona kwa darubini vikundi vidogo vya seli vimetawanyika ndani ya kongosho. Hakujua kazi yake. Leo tunaviita visiwa vya Langerhans. Ndani yake kuna seli za beta, zinazotengeneza insulini ya kushusha sukari, na majirani zake seli za alfa. Weka hao majirani akilini, tutawarudia.

Sungura wa Toronto

Ruka hadi Toronto, Kanada, mwaka wa 1921. Hii sehemu wengi mnaijua. Frederick Banting, daktari ambaye mambo yake hayakuwa yakienda vizuri, na msaidizi wake Charles Best, kijana wa miaka 22 kama mimi, wanafanya kazi kwa maabara ya Profesa Macleod. Wanakamua kongosho za mbwa kutafuta dawa ya kisukari. Baadaye anaingia James Collip, mtaalamu wa kemia, kusafisha ile dawa. Tarehe 11 Januari 1922 kijana wa miaka 14, Leonard Thompson, anadungwa mara ya kwanza. Dawa ilikuwa chafu, haikufanya vizuri. Tarehe 23 wakajaribu tena na ile ya Collip, na sukari ikashuka. Kabla ya hapo, mtoto aliyepata kisukari cha aina hii alikuwa anasubiri kufa.

Sehemu ambayo haisimuliwi sana ni ya sungura. Collip alikuwa anapima nguvu ya dawa kwa sungura wazima, na akaona akizidisha, sungura wanaanza kurusha miguu na kupata kifafa. Akiwapa glukosi wanaamka kama hakuna kitu kimefanyika. Yaani hatari ya sukari kushuka ilijulikana mwanzo kabisa, wakati insulini yenyewe bado ni mtoto mchanga. Nguvu ya dawa ilikuwa inapimwa kwa kuangalia inachofanya kwa sungura.

Kwa hivyo dawa inayookoa na dawa inayoangusha ilikuwa kitu kimoja, kwa chupa moja. Mamangu analijua hilo kuliko profesa yeyote.

Walinzi waliodhaniwa ni uchafu

Mwaka wa 1923, mwaka ambao Banting na Macleod walipewa tuzo ya Nobel, watu wawili wa Rochester, Marekani, Charles Kimball na John Murlin, waliona kitu cha ajabu. Dondoo fulani la kongosho lilikuwa linapandisha sukari badala ya kuishusha. Wakakipa jina: glukagoni. Wengi walikichukulia kama uchafu unaoharibu insulini nzuri. Dunia yote ilikuwa inashangilia kitu kinachoshusha sukari. Kinachopandisha, nani ana shughuli nacho?

Mwaka uliofuata, 1924, Walter Cannon na wenzake pale Harvard wakamshika mlinzi wa pili. Walifanya hivi: walichukua paka, wakakata neva zinazoenda moyoni, ili ubongo usiweze kuuamrisha moyo moja kwa moja. Kisha wakampa insulini. Sukari iliposhuka, moyo ukaanza kwenda mbio. Amri ilikuwa imepitia wapi? Kwa damu. Tezi zilizo juu ya figo zilikuwa zimemwaga adrenalini.

Sasa unaelewa jasho na kutetemeka kunatoka wapi. Sukari ikishuka, ubongo unaona hatari, neva zinaamka, adrenalini inamwagika. Inaambia ini lifungue ghala. Na njiani inakuacha na moyo unaodunda, mikono inayotetemeka, jasho na wasiwasi. Ile hali unayoiona mbaya ndiyo kengele. Inakuambia kula kitu, haraka.

Walinzi wengine wakaja polepole. Huko Buenos Aires, Bernardo Houssay aliona kwamba mbwa aliyetolewa tezi ya pituitari, ile ndogo chini ya ubongo, anaangushwa na insulini kidogo tu. Kazi yake kuhusu hiyo tezi na sukari ilimpa Nobel mwaka wa 1947. Siku hizi tunajua pituitari hutoa homoni ya ukuaji na pia huamrisha tezi za figo zitoe kotisoli. Hawa wawili ni askari wa zamu ndefu. Hawakuokoi dakika ya kwanza, lakini sukari ikikaa chini kwa masaa wanasaidia kuishikilia.

Na ule "uchafu" wa Rochester? Mwaka wa 1948, Earl Sutherland na Christian de Duve walionyesha kwamba unatoka kwa seli za alfa, wale majirani wa beta. Mwaka wa 1953 kampuni ya Eli Lilly ikapata glukagoni safi kwa umbo la fuwele. Miaka 30 tangu ipewe jina, hatimaye ikaheshimiwa kama homoni kamili.

Mwili mzima unavyojilinda

Tukiunganisha yote, kwa mtu asiye na kisukari mambo yanaenda hivi. Sukari ikikaribia 4.5, kongosho linapunguza insulini. Hiyo ndiyo kinga ya kwanza, na ni kama kuondoa mguu kwa mafuta kabla hujakanyaga breki. Ikifika kama 3.8, glukagoni inatoka, na adrenalini inafuata. Kotisoli na homoni ya ukuaji wanajiunga. Ikikaribia 3, mwili unaanza kukupigia kelele: njaa, jasho, mikono. Ikishuka chini ya hapo sana, ubongo wenyewe unaanza kukosa mafuta na mtu anaanza kuongea kuhusu matatu ya shagz saa nane usiku.

Angalia mpangilio. Kengele inalia kabla ubongo haujaharibika. Nafasi ya kujiokoa iko katikati ya hizo namba mbili.

Sasa tumweke mamangu kwa hiyo picha.

Kinga ya kwanza hana. Insulini yake inatoka kwa sindano, na ukishajidunga umejidunga. Sukari ikishuka hakuna njia ya kuiambia dawa irudi nyuma.

Kinga ya pili, glukagoni. Hapa mi nilidhani yuko sawa. Kisukari aina ya kwanza kinaua seli za beta, za alfa zinabaki. Lakini mwaka wa 1973, John Gerich na wenzake wa San Francisco walishusha sukari ya wagonjwa wa aina hii wakapima glukagoni. Haikupanda. Mlinzi yuko kwa lango, mzima kabisa, lakini hasikii mlango ukivunjwa. Maelezo yanayokubaliwa zaidi ni kwamba alfa alikuwa anategemea jirani: insulini ya beta ikipungua hapo kisiwani, hiyo ndiyo ishara kwamba sukari imeshuka. Beta akishakufa, ishara inapotea. Na hii hutokea miaka michache tu baada ya ugonjwa kuanza, si uzeeni.

Kwa hivyo mamangu, pengine kwa miaka yote nimemjua, amekuwa akiishi na mlinzi mmoja wa maana wa dharura: adrenalini. Ile jasho, ile leso iliyolowa, ndiyo iliyokuwa imebaki.

Na sasa hiyo pia imenyamaza.

Ilinyamazishwa na nini?

Mwaka wa 1993 kulitoka matokeo ya utafiti mkubwa wa Marekani na Kanada, watu 1,441 wa kisukari aina ya kwanza. Waliodhibiti sukari kwa makini walilinda macho, figo na neva zao vizuri sana. Ushindi mkubwa, na mi sitaki mtu asome hii akaanza kuachilia sukari ipande ovyo. Lakini kulikuwa na bei: hao hao walipata kuanguka kubaya kwa sukari karibu mara tatu zaidi ya wenzao.

Wakati huo, St. Louis, timu ya Philip Cryer ilikuwa inauliza swali langu: kwa nini wengine wanaacha kusikia? Mwaka wa 1991, Simon Heller na Cryer walichukua watu wazima wasio na kisukari, wakashusha sukari yao mchana mmoja tu. Siku iliyofuata wakaishusha tena. Homoni zilipungua na dalili zikapungua. Mchana mmoja tu! Mwaka wa 1993, Samuel Dagogo-Jack, daktari mzaliwa wa Nigeria aliyesomea Ibadan, pamoja na Cryer na mwenzao, wakaonyesha jambo hilo hilo kwa watu wa kisukari aina ya kwanza.

Soma hiyo tena, kwa sababu hapo ndipo nilisimama na simu mkononi. Sukari ikishuka leo, kengele ya kesho inalia kwa sauti ndogo. Ikilia kwa sauti ndogo, hutaisikia, kwa hivyo utashuka tena. Ukishuka tena, inapungua zaidi. Usingizi unaongeza shida, kwa sababu ukilala hata adrenalini inajibu kwa uvivu. Pombe nayo inalizuia ini kutengeneza sukari mpya.

Ubongo umejifunza kwamba 2.8 ni kawaida. Ndio maana ya "nimezoea". Ni kama nyumba ambayo mbwa alikuwa akibweka kila usiku, mwenye nyumba akamfunga mdomo, sasa anasifu usingizi mtamu.

Kuna habari njema pia

Kama hadithi ingeishia hapo nisingeiandika. Nani anataka kusoma mambo ya kuvunja moyo na bundles ni ghali.

Kati ya 1993 na 1994, watafiti wa Perugia huko Italia, wa London, na Dagogo-Jack tena, walijaribu kitu rahisi kwa maneno, kigumu kwa vitendo. Waliwasaidia watu waliopoteza kengele wasishuke kabisa kwa wiki kadhaa. Hakukuwa na dawa mpya. Ni kupima mara nyingi, kurekebisha dozi, kupanga chakula. Dalili zikarudi. Glukagoni ya aina ya kwanza haikurudi, huyo mlinzi ameenda. Lakini watu walianza kutetemeka tena, na kutoa jasho tena.

Nilimwonyesha mamangu. Akasoma kimya, miwani puani, halafu akasema, "Kwa hivyo miaka yote hii nilikuwa nafurahia kuwa kiziwi." Sikuwa na jibu.

Tulienda kliniki pamoja. Kusema ukweli, kwa miaka mingi pale swali lilikuwa moja tu: sukari imepanda? Hakuna aliyewahi kumwuliza inashuka mara ngapi na kama anasikia. Safari hii tulisema wenyewe, na daktari kijana aliyekuwa zamu akasikiliza. Akapunguza dozi ya usiku na kuinua kidogo namba anayolenga kwa muda. Hiyo ilikuwa kazi yake. Tafadhali usibadilishe dozi kivyako kwa sababu umesoma kijana mmoja mtandaoni.

Kazi yangu ilikuwa vijiti vya kupimia. Hapo ndipo historia tamu ya Toronto na Harvard inagongana na mfuko wa Mkenya. Kupima mara nne, tano kwa siku ni pesa. Watu wengi wanapima mara moja asubuhi, ama siku ya kliniki tu, kwa hivyo usiku wote ni giza. Kuna sindano ya glukagoni ya dharura pia, ya mtu aliyezimia asiyeweza kumeza. Niliuliza maduka matatu ya dawa mtaani, la kwanza likaniuliza ni ya nini. Kuwaambia watu "jidhibiti" bila kuwapa macho ya kuona usiku ni kuwaonea. Huo ndio msimamo wangu na siuondoi.

Niliuza taa yangu moja ya kurekodia, ndiyo maana video zangu za mwezi ule zilikuwa na kivuli na mkanicheka. Kila saa tisa usiku kwa wiki sita niliamka kumpima. Chini ya 4, anapewa sukari, tunangoja robo saa, tunapima tena, halafu kipande cha mkate.

Wiki ya saba, Jumapili jioni, tulikuwa tunachambua sukuma wiki. Akaacha kisu. Akainua mkono mbele ya taa, akautazama. Vidole vilikuwa vinatetemeka kidogo tu, kama majani. Shingo ilikuwa imelowa. Tukapima: 3.3. Alikuwa anaongea vizuri, anajua siku, anajua jina langu.

Akakunywa nusu chupa ya soda, ile ya kawaida yenye sukari, huku mkono ule mwingine bado ameuinua hewani ananionyesha. "Baba, ona. Ona vile inatetemeka."

Sijawahi kuona mtu akifurahia kutetemeka hivyo.

Kwa hivyo leo, kama una mtu nyumbani anayejidunga insulini, usimwulize tu kama sukari imepanda. Mwulize ikishuka anasikia nini. Akikuambia hasikii kitu, amezoea, usimpongeze. Mshike mkono muende mkamwambie daktari hilo neno, vile vile alivyolisema.